Siku Sita za Bi Haskew

Verdell Pettaway, mwanamke mweusi, nesi wa zamani aliyegeuka mtafiti, alikuwa na swali moja tu pale mjini Montgomery: kwa nini saratani ya mji wa mimba inaua wanawake weusi wengi kuliko weupe? Alizunguka na kinasa sauti akigonga milango ya waliopona.

Jumanne moja alifunguliwa mlango na Carolyn Haskew, mwanamke mweupe wa miaka sitini na tatu, mashavu yamenawiri, mjukuu kiunoni. Verdell akashtuka moyoni. Dada yake Ozella angekuwa na umri uleule. Faili zilionyesha wote wawili walianza kutokwa damu miaka mingi baada ya kukoma hedhi, mwaka mmoja, wakaenda kliniki moja.

"Daktari alifanyaje, Bi Haskew?"

"Alinikata kinyama kikapimwe, basi. Siku sita, majibu haya hapa. Kilichoniudhi ni kukosa harusi ya binamu yangu tu!" Akacheka.

Kicheko kile kilimwingia Verdell kama pilipili jichoni. Ozella aliambiwa ni unene, ni umri, nenda kapumzike mama. Miezi saba. Walipokuja kumpima, ugonjwa ulishafika mapafuni.

Alimwonea wivu huyu mama kwa kila kitu: meno yake, ndara zake, hata anavyolalamika kiuno kwa kubeba mtoto.

"Una nini, mdogo wangu? Mbona umekunja uso?"

Mdogo wangu! Neno hilo lilikuwa na mwenyewe, Ozella.

"Nilikuwa na dada," Verdell alisema. "Damu kama yako. Daktari wako huyohuyo."

Bi Haskew akamshusha mtoto polepole. "Na mimi siku zote nasema nilikuwa na bahati," alinong'ona.

Garini, Verdell aliweka kidole kwenye kitufe cha kufuta cha kinasa sauti. Nani angejua? Lakini bila siku sita za huyu, miezi saba ya Ozella ingelinganishwa na nini? Akauondoa mkono, akalia, akawasha gari.

Ripoti yake ilisomwa baada ya miaka miwili. Kliniki ikakubali kila mwanamke wa hali ile apimwe ndani ya wiki mbili, awe wa rangi yoyote.

Kila Krismasi Bi Haskew humtumia chupa ya jamu ya pichi aliyoipika mwenyewe. Verdell humwandikia ahsante, kisha jamu humpa jirani. Jirani husema ni tamu kweli. Yeye hajawahi kuionja.