Karatasi Thelathini na Mbili

Gervasi wa Bangwe alimshuku kila mtu, na mtu wa namna hiyo huumia sana siku anaposhukiwa yeye. Miaka tisa alizungusha mkono wa mashine ya kurudufu katika ofisi moja mjini Kigoma, na hata mfagiaji hakuruhusiwa kusogelea wino wake.

Mwaka wa sabini na nne, watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, alipewa waraka wa siri wenye majina ya vitongoji vitakavyohamishwa. Nakala mia tatu. Akajifungia, akachapa, jicho moja dirishani akimchunguza bwana fulani aliyesimama nje bila shughuli. Alipogeuka, karatasi zilikuwa zimekwisha zamani, naye alikuwa akizungusha mashine tupu.

Mashine ile haikujali. Kila mzunguko kihesabio chake kilipanda namba moja, karatasi iwepo isiwepo, na wino ukajipaka kwenye rola. Karatasi ya kwanza aliyoongeza ikatoka na maandishi pande zote mbili. Akaichoma, na namba ilipofika mia tatu akachoma na stensili, ile karatasi ya nta iliyobeba maandishi, kama siri ilivyotaka.

Jioni Katibu Selestini alihesabu nakala mwenyewe. Mia mbili sitini na nane.

"Thelathini na mbili umempa nani?"

"Moja iliharibika nikaichoma, ndugu Katibu. Zilizobaki mashine imehesabu hewa."

"Mashine haina shangazi Ujiji. Wewe unaye."

Gervasi alishikwa na hasira. Akafunga stensili kuukuu ya tangazo la mkutano, akazungusha mara kumi bila karatasi mbele ya Katibu. Namba ikapanda kumi. Selestini akainama kuitazama, na Gervasi akashusha pumzi.

"Na ukitaka kuirudisha sifuri?"

"Unabonyeza hapa."

"Basi mtu akichapa hamsini zake, akabonyeza hapo, mimi nitajuaje?"

Swali lilikuwa zuri. Angekalia kiti cha Katibu, Gervasi angeliuliza hilohilo. Uongo ulimfika mdomoni, akaumeza, maana hakuwahi kudanganya kuhusu kazi yake.

"Huwezi kujua, ndugu Katibu."

Selestini alimshukuru kwa ukweli wake, akanyoosha mkono apewe ufunguo wa chumba.