Hatua Ndefu Siku ya Kumuaga Mwalimu wa Kwaya

Jamani, hii mie huwa siisimulii, na hata leo naisema nimeinamisha uso, maana aibu yenyewe niliipata mbele ya kanisa zima pale Kipawa, Jumapili tuliyomuaga Mzee Ambakisye, mwalimu wa kwaya aliyetufundisha kuimba tangu utotoni, sasa amestaafu anarudi kwao Tukuyu.

Spika zetu zilikuwaga zinapiga mluzi mtu akisogelea maiki, basi mie (fundi wa kompyuta wa kujipachika) nikaandika programu ya kuufuta. Inasikiliza, inaukadiria mluzi, inapima imekosea kiasi gani, inajirekebisha, inapima tena, hatua kwa hatua mpaka kosa liwe dogo kabisa. Urefu wa hatua, yaani ijirekebishe kwa kiasi gani kwa mara moja, unauchagua wewe. Sista Upendo, mwalimu wa hesabu ninayekaa naye kwenye mitambo, akanionya.

"Anza na hatua fupi. Kosa likiongezeka, ikate nusu. Ukiruka sana utalipita lengo, uangukie ng'ambo."

"Hatua fupi itamaliza lini? Ibada imeshaanza!"

Nikairefusha mara ishirini.

Mzee akasimama kuimba wimbo alioutunga mwenyewe wa kutuaga. Ubeti wa kwanza, safi (mie nikamkonyeza Upendo). Wa pili ndo anafungua mdomo, mluzi kidogo ukachomoza, programu ikaruka kuusahihisha, ikapitiliza, ikarudi, ikapitiliza zaidi, kila mruko mkubwa kuliko uliotangulia, spika zikalia kama msumeno kwenye bati, watoto wakaziba masikio, mie nabonyeza hiki na kile kompyuta imeganda, mpaka Upendo alipochomoa waya ukutani.

Mzee bado kashika maiki iliyozimika.

"Basi, wanangu, inatosha," akasema, akaketi.

Baada ya ibada nikamfuata nje.

"Shikamoo, mwalimu. Nisamehe, ni mie."

"Marahaba. Ungeniambia unajaribu kitu, ningeimba bila maiki."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kesho yake akasafiri.

Siku hizi naanza na hatua fupi, kanisa likiwa tupu, na kosa likizidi naikata nusu bila kubishana na mtu, na nimeapa sitajaribu tena kitu kipya mtu akiwa ameshika maiki. Programu inafanya kazi vizuri, wageni wanaisifia. Ila ule ubeti wa pili hakuna hata mmoja wetu anayeujua, na mie naona haya kumpigia simu mzee wa watu nimuombe aniimbie.