Msimamo wa Ligi Nilioupindisha

Ligi yetu ya poka ilikuwa na wachezaji tisa: watatu wa Musoma, watatu wa Bunda na watatu wa Butiama. Hatukucheza kwa hela. Kila mmoja alianza na visoda hamsini, vizibo vya chupa za soda, na vikimwishia aliinuka mezani akaenda kumsaidia mwenyeji kugeuza samaki jikoni. Tulikutana Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, kwa sababu mmoja wetu ni Msabato na Jumamosi hatoki.

Mume wangu ndiye aliyewafundisha wenzake mchezo huo, na ndiye aliyetunga kanuni za pointi. Alikuwa amefundisha hesabu sekondari maisha yake yote. Wa kwanza kuishiwa visoda alipata pointi moja, wa pili mbili, hivyo hivyo mpaka wa mwisho kubaki, ambaye alipata tisa na nyongeza ya tatu. Kwa mwaka tulikuwa na mechi kumi, na kwenye msimamo kila mchezaji alifutiwa mbili zilizokuwa mbaya kuliko zote, tukapanga kwa wastani wa zilizobaki.

"Mtu asihukumiwe kwa siku aliyoamka vibaya," alisema.

Mimi sikucheza. Nilishika daftari.

Miaka mitatu alimaliza wa kwanza. Mwaka wa nne, mwezi wa tano, tukiwa Bunda, aliinua karata moja akamwuliza jirani yake kama jembe linashinda kopa, wakati kwenye poka yetu halishindi. Watu walicheka, wakidhani anawatega. Mimi sikucheka, kwa sababu wiki hiyo alikuwa ametoka kwenda dukani hapo hapo Iringo tunapoishi, na mwenye duka akamrudisha kwa kumshika mkono.

Daftari lilinionyesha zaidi ya nilivyotaka kuona. Mwezi wa pili alipata kumi na mbili. Wa tatu saba, wa nne nne, wa tano mbili. Wa sita moja. Wa saba moja tena. Nilimpeleka hospitali. Daktari akasema ni ugonjwa wa kusahau, haurudi nyuma, ila nisimfungie ndani, nimwache na watu na vitu anavyovipenda. Neno hilo nililishika kama mtu anayezama anavyoshika ukingo wa mtumbwi.

Kila tulipotoka kwenye mechi aliniambia, "Mama, nisomee msimamo." Akisikia yuko juu, alikula akashiba, akalala. Mwezi wa saba nilimsomea ukweli. Akakaa kitandani akijisugua magoti. "Nimekosea nini?" aliniuliza. Nikafunga daftari. Hakula siku mbili.

Mwezi wa nane alikuwa wa kwanza kuishiwa visoda, akapata moja. Nikamwandikia saba. Mwezi wa tisa nikafanya vile vile. Nikamfutia mechi nne badala ya mbili. Mimi ni mama wa kanisa, nasimama mbele za watu naomba, na usiku ule ule niliomba Mungu asiruhusu mtu yeyote ajumlishe.

Mwezi wa kumi tulikuwa Butiama, kwa karani mmoja mstaafu wa mahakama. Kabla karata hazijagawanywa aliomba daftari, akalisoma taratibu.

"Shemeji," akaniambia, "hesabu hizi hazifungi."

"Zinafunga."

"Kila mechi jumla yake ni arobaini na nane. Hii ya mwezi wa nane ni hamsini na nne."

Mkulima wa pamba kutoka Bunda akasogeza kiti. "Mi niliwaambiaga. Nilikuwaga wa kwanza, nikashangaa nimeshushwa. Nimeshushwa na nani?"

Nilitaka kusema nimekosea kuandika. Mume wangu akanyoosha mkono, akachukua daftari. Alipitisha kidole kwenye safu, na uso wake ukawa ule wa zamani, wa mtu anayesahihisha mitihani. Haikumchukua hata dakika.

"Kuna saba mbili hapa," akasema. "Mechi moja haiwezi kuwa na saba mbili." Akaniangalia. "Saba ya uongo ni yangu?"

"Mwalimu, twende nyumbani."

"Ni yangu?"

"Ndiyo."

"Futa."

Nilimsihi. Nilimwambia karata zinaweza kusubiri, nilimwambia anaumwa, jambo ambalo sikuwahi kulitamka mbele za watu. Mkulima wa Bunda aliinamisha kichwa.

"Kanuni niliitunga mimi, mama. Futa."

Nikafuta, pamoja na ile ya mwezi wa tisa. Nikajumlisha upya, machozi yakidondokea karatasi. Akataka msimamo usomwe kwa sauti, kutoka wa kwanza hadi wa tisa. Nilipofika kwenye jina lake sauti ilinikatika. Akasema, "Rudia. Hawajasikia."

Siku hiyo hakuna aliyecheza. Karani aliturudisha kwa gari lake. Tulipofika njia panda ya Makutano mume wangu aliuliza tunatoka wapi.

"Kwenye karata."

"Nimeshika namba ngapi?"

"Ya tisa," nikasema, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyedai ukweli. Akalia kimya kimya, mikono mapajani. Tulipoingia mjini akauliza tena, kama mtu ambaye hajawahi kusikia. Nikamwambia tena, akalia tena. Mlangoni kwetu akauliza mara ya tatu. Karani alikuwa amesimama nyuma yetu, amebeba mfuko wangu.

"Ya pili," nikasema.

Karani aliweka mfuko chini, akaondoka.

Mwezi wa kumi na moja mume wangu alizishika karata kama barua za mtu mwingine, akazirudisha mezani. Hakucheza tena. Mkulima wa Bunda alikuja nyumbani na kuku wawili na maneno ya kuomba radhi. Nikamwambia hakukosa, maana kweli hakukosa. Waliniomba niendelee na daftari, nikakataa. Sasa anaandika karani.

Siku hizi nafunga geti mchana kutwa, maana akitoka anaelekea ziwani. Asubuhi nyingine ananiita mama, na sijui kama anamaanisha mimi au mama yake aliyemzaa kule Mugango. Daktari anasema hali itaendelea hivyo. Hajasema mpaka lini, nami sijamwuliza.