Chupa ya Kunguni

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke nijifiche. Nilikuwa mke kijana hapa Élisabethville, mume wangu fundi wa reli, na mtoto wetu wa kwanza, Monga, alikuwa anakohoa siku ya tatu. Daktari alimwandikia dawa ya maji. Zamani zile dispensari haikukupa chupa. Ulikwenda na yako.

Mimi nilikuwa na moja tu, na ndani yake ilikaa sumu ya kunguni. Nikaisugua kwa mchanga na majivu, nikajiambia, aa, imetakata.

Papa Kalala, mgawa dawa, akaifungua, akainusa. Akainusa tena.

"Mama, hii chupa ilikuwa na nini mbele?"

Nyuma yangu walipanga mstari wanawake wa kambi nzima ya reli. Niseme nyumba yangu ina kunguni? Mimi, niliyewacheka wenzangu kwa uchafu!

"Pombe," nikasema.

"Shiwezi kutia dawa mu hii chupa, mama. Ulete ingine."

Loo, nilikuwa na mdomo mimi! Nikamwita mwosha chupa wa Wazungu. Nikamwambia daktari ameshaandika, kazi yake yeye ni kumimina, basi amimine. Wanawake wakacheka, nami nikazidi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Papa Kalala alichukua chupa yake ya chai, akaimwaga chai, akaiosha kwa maji ya moto, akatia dawa ya Monga. Akanipa kwa mikono miwili, akainama nisikie mimi peke yangu.

"Kunguni iko mu kila nyumba, mama. Hata kwangu iko. Lakini mutoto yako iko mumoja."

Niliondoka bila kusema asante. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Monga alipona. Wiki nzima niliikwepa dispensari, kisha nikairudisha ile chupa yake ya chai. Mbele ya mstari uleule nikapiga magoti: "Papa, chupa yangu ilikuwa na sumu ya kunguni. Nilikudanganya. Unisamehe."

Akaniinua. Akaipokea chupa yake, na kabla ya kuiweka, akainusa.

Mwanangu, daktari huandika, lakini mgawa dawa ndiye mlango wa mwisho kabla dawa haijaingia kinywani mwa mtoto wako. Akikuuliza, mwambie kweli, hata ikikuaibisha. Mficha uchi hazai. Akikukatalia, usimtukane. Na asante useme palepale, usiibebe wiki nzima kama mimi.

Mungu akupe watoto wazima, na siku zote akuwekee mtu wa kunusa chupa yako.