Hina na Kura

Nakumbuka siku moja ya kura, nilishinda nimekaa jamvini mikono nimeinyoosha mbele, na hadi leo naionea haya. Ilikuwa papa hapa Shika Adabu, juma la harusi ya ndugu yangu. Mimi na mashoga zangu wanne tulikuwa tumetiwa hina na rangi nyeusi ya piko hadi kuchani, na kituoni kila apigaye kura hutiwa wino kidoleni. Basi tukaapa hatuendi! Wino utuharibie piko la harusi?

Sababu ya kusema mbele za watu tulikuwa nayo, maana mvivu hakosi neno. "Wote ni walewale," tukasema. "Wakishapata hawatujui."

Lakini safari ile mmoja wa waliosimama alikuwa Mwalimu Mwanajuma, aliyetufundisha chekechea. Alitaka udiwani kwa jambo moja: zahanati yetu ipate chumba cha kujifungulia, mwanamke mwenye uchungu asivushwe kwa feri kwenda hospitali ya ng'ambo. Alipopita kwetu tulimpa kahawa na dua. Dua tulikuwa nazo tele, mwanangu. Kura ndiyo tuliyomnyima.

Nyanya yangu, na mgongo wake ulivyopinda, alichukua mkongojo akaenda kupanga foleni. Alirudi na kidole cheusi, akatukuta tunajitazama mikono.

"Mwapendeza, mashallah," akasema. "Hina hiyo haifiki wiki mbili. Diwani mtakaa naye miaka mitano."

Mwalimu alishindwa kwa kura tatu. Tatu, na sisi jamvini tulikuwa watano!

Diwani aliyeshinda hatukumwona tena. Mwaka wake wa tatu uchungu ukanishika mimi, nikajifungua ndani ya feri, kina mama nisiowajua wamenizungushia leso. Alhamdulillahi mtoto alitoka salama, na mtaa mzima ukampa jina la Mwanaferi. Nilicheka nao, lakini moyoni niliumia.

Nilipopata nguvu nilikwenda kumtaka radhi Mwalimu. Alikuwa amekata tamaa.

"Siasa nimeiacha, mwanangu," akaniambia.

"Simama tena, mwalimu. Hodi nitapiga mimi."

Na nilipiga, nyumba kwa nyumba, Mwanaferi mgongoni. Kila aliyeniambia wote ni walewale nilimgeuzia mgongo amwone mtoto, nikamsimulia habari ya piko langu. Watu walicheka, kisha wakatoka kwenda kupiga kura. Mwalimu akashinda, na chumba kile kipo. Huenda hata wewe ulizaliwa mle.

Sasa nakusikia wasema siasa ni uchafu. Ni kweli, lakini uchafu hauondoki kwa kuupa kisogo, na asiyekuwapo na lake halipo. Jiandikishe. Nenda mikutanoni ukaulize, hata wakikukunjia uso. Ukimjua mtu mwema, mfuate kwake umwambie asimame, kisha umsaidie. Na ukitazama kote usimwone, mwanangu, usimsubiri mwengine: simama wewe. Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kweli na miguu isiyochoka, akuepushe na wasifuji, na watu wako wafurahi kukuita mtu wao. Amin.