Wairimu Aliyetukunjisha Mikono

Siamini bado, jamani. Nimeandika nikafuta, nimeandika tena. Wairimu wetu wa duka la kompyuta hapa Nakuru hayuko. Ajali, karibu na Salgaa, akitoka kwa mteja.

Tangu jana siwezi kutulia. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi, sijui hata nilikuwa nimeenda kutafuta nini.

Tulifanya kazi meza moja tangu mwaka jana, 2007. Mimi ni mtu wa haraka, yeye alikuwa wa polepole, na alinikasirisha karibu kila siku.

Mteja akileta laptop ambayo haioni monitor, Wairimu alichomeka kebo, akabonyeza Fn na F5 mara moja, halafu akatoa amri: "Sasa kunja mikono. Usiguse kitu!"

Alimwambia hivyo hata pasta. Pasta wa watu akakunja mikono kama mtoto wa nursery! Nilienda kuchekea store.

Alikuwa na sababu. Kila ukibonyeza, picha inahama baada ya sekunde chache: laptop peke yake, kisha zote mbili, kisha monitor peke yake. Mwenye pupa anaipita kabla haijatokea, anaanza upya bila kujua. Mwenye pupa ni mimi.

Leo asubuhi mama yake aliingia dukani kutoka Subukia, laptop ya Wairimu iko ndani ya kiondo. Skrini ilipasuka kwenye ajali, lakini ukiiwasha unasikia feni.

"Kibet, picha zake ziko huku ndani?"

"Ziko, mama."

"Basi nitolee moja ya kuweka kwa jeneza. Zangu zote ziliungua na nyumba Januari, wakati wa vurugu za uchaguzi."

Nikachomeka monitor. No signal. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, na tena. Nikachomoa kebo, nikaipuliza, nikarestart.

Mama amesimama nyuma yangu. Niliogopa kugeuka nimwambie hakuna kitu. Aki nilishika simu nimpigie Wairimu nimuulize. Wueh!

Nikairudisha simu mfukoni. Nikabonyeza mara moja, nikakunja mikono, nikaibana kwapani vidole visinisaliti. Hakuna kitu kigumu nimewahi kufanya kama kungoja hapo.

Monitor ikawaka. Wairimu huyo kwenye desktop, anacheka, meno yote nje.

Mama akavuta kiti, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Kumbe alinyoa nywele," akasema. "Na hakuniambia."

Nililia mbele ya wateja na sioni haya kusema.

Wairimu, picha zako zote nimezitoa, hakuna hata moja imepotea. Mama amechagua hiyo ya kunyoa. Ameniambia nywele fupi zilikupendeza sana, na angekuambia mwenyewe kama ungemwonyesha.

Basi mimi ndiye nakuambia. Lala salama, dadangu.