Makumbi ya Wahiba

Mdomo wa Nunu binti Muhsin ulifika mbali kuliko mbiu ya mgambo. Mwaka ule wa pili baada ya vita vya Wazungu, jumbe wa Mbezi alipotangaza kwamba serikali imechoka kuona vijana wa shamba wakikimbilia mjini kuzurura, na kwamba sasa kazi itawafuata watu huku huku kwao, Nunu ndiye aliyeinuka barazani.

"Kazi gani? Itaje, jumbe, maana serikali nayo huahidi kama mposaji!"

Watu wakacheka. Jumbe akaeleza: kitajengwa kituo cha kununulia kamba za makumbi ya nazi. Kimoja tu, pwani yote ile. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, angekuja Jumamosi kujaribu kamba ya Mbezi na ya Kunduchi. Itakayoshinda, kituo ni cha kwao.

Nunu alirudi nyumbani mbio. Mumewe, Salumu, alikuwa amekwisha kubali kwenda Tanga kukata mkonge. Lori la manamba, vibarua wa mkataba, lingempitia Jumatatu.

"Baba Jamali, usiende. Kituo kitakuwa chetu."

"Kikiwa chenu, sendi. Kisipokuwa, usinililie."

"Nikulilie wewe? Thubutu!" Lakini moyo ulikuwa ukimwenda mbio.

Maji yalipotoka, wanawake wakashuka pwani kufukua makumbi waliyoyazika matopeni tangu mwaka jana ili yalainike. Wakayaponda kwa magongo mpaka nyuzi zikaachana, wanaume wakasokota. Kamba ikatoka nene, ya kupendeza, lakini fupi. Lilibaki shimo moja tu halijafukuliwa, la Wahiba.

Na Wahiba na Nunu walikuwa hawasemezani. Zamani kidogo mawimbi yaling'oa kijiti cha alama, Nunu akafukua shimo la Wahiba akidhani lake. Pale Mbezi, kufukua makumbi ya mwenzio ni sawa na kuingia jikoni kwake ukafunua chungu. Nunu aliyarudisha yote. Kuomba radhi ndiko kulikomshinda.

Sasa akaenda.

"Wahiba, mwenzangu, nilikukosea. Nipe shimo lako."

Wahiba hakuacha kupeta mchele. "Umeanza kiungwana, umemaliza kijambazi."

"Basi tupe sie wote. Waume zetu wanaondoka!"

Ungo ukatulia. "Nitatoa. Lakini Bwana Shauri akiuliza kamba ya nani, utataja jina langu. Wewe, kwa mdomo wako huo huo, mbele za watu."

Nunu akaitikia. "Nitataja."

Jumamosi lori la serikali lilijazwa mawe, likasimamishwa kwenye mchanga mlaini. Kunduchi walitangulia. Wakavuta, wakaimba, na kamba ikasema ta! Wanaume chali, wamelaliana kama dagaa kwenye jamvi.

Zamu ya Mbezi. Salumu alishika mbele kabisa.

"Vuta, Baba Jamali! Vuta kama umekula!" Nunu alikuwa akirukaruka, kanga moja imeshaanguka na hana habari nayo. Kamba ikalia, ikakaza. Gurudumu likatikisika. Likazunguka. Lori hilo, linakuja! Vigelegele vikapaa, watoto wakaruka, hata jumbe akasahau cheo chake akacheza.

"Kamba hii ya nani?" akauliza Bwana Shauri.

Macho yote kwa Nunu. Jina lake mwenyewe lilikuwa limeshafika ncha ya ulimi. Akalirudisha.

"Ya Wahiba binti Hilal! Bila makumbi yake tungeumbuka!"

"Vizuri sana. Basi huyo atakuwa msimamizi wa kituo."

Msimamizi! Wahiba mwenyewe alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Salumu akaja, viganja vimechubuka, anacheka.

"Mama Jamali, kwa hiyo mie sasa nitatumwa na shoga yako?"

"Utatumwa, na utaitika! Bora Wahiba hapa kuliko mnyapara wa mkonge huko." Kisha akamgeukia Wahiba, macho yamejaa machozi ya furaha. "Haya, bibi msimamizi, tunaanza lini?"

"Kesho, maji yakitoka," akasema Wahiba. "Na ukichelewa, Nunu, nakukata posho."

Nunu akacheka mpaka akakaa chini mchangani.